Ghala Limejaa, Mizani Inasemaje?

Panda milima ya Umatengo mwezi wa Julai. Pita Ukata, pita Litembo, fika Mbinga mjini. Utaona mahindi yamewekwa ghalani. Utaona maharage yametiwa magunia. Kahawa inachumwa. Kisha teremka mpaka Lituhi, Liuli au Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Utaona usipa wameanikwa juani. Mgeni akiona hayo yote atasema, "Hapa hakuna njaa."

Mgeni huyo atakuwa amesema kweli nusu. Mkoa wa Ruvuma ni mmoja wa mikoa inayoilisha nchi yetu mahindi. Lakini tuangalie watoto. Mwaka 2015 na 2016 ulifanyika uchunguzi wa afya katika nchi nzima. Katika kila watoto 100 wa Ruvuma wenye umri chini ya miaka mitano, watoto 44 walikuwa wamedumaa. Uchunguzi ulifanyika tena mwaka 2022. Safari hii waliodumaa walikuwa 36 katika kila watoto 100. Katika nchi nzima walikuwa 30.

Hatua imepigwa. Lakini bado zaidi ya theluthi moja ya watoto wa mkoa huu hawakui kama inavyotakiwa. Chakula kipo, watoto wamedumaa. Kwa nini?

NJAA ISIYOONEKANA

Kudumaa ni kuwa mfupi kuliko umri. Mtoto aliyedumaa huenda akacheza na kucheka. Mashavu yake huenda yakawa yamejaa. Kwa hiyo wazazi hawaoni kasoro. Wanamlinganisha na mtoto wa jirani, naye amedumaa vilevile. Wanasema, "Ukoo wetu ni wafupi."

Ni kweli kwamba watu hutofautiana kimo. Lakini watoto wadogo hawatofautiani sana kama wote wanapata matunzo mema. Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto hao walinyonya vizuri, walikula vizuri na walitunzwa vizuri. Ilionekana kwamba walikua karibu sawasawa, weusi kwa weupe. Vipimo vilivyotokana na kazi hiyo vilitolewa mwaka 2006. Ndivyo vinavyotumika kupimia watoto hata katika zahanati zetu.

Kudumaa si jambo la urefu tu. Chakula kinachokosa kujenga mifupa hukosa pia kujenga ubongo. Mtoto aliyedumaa huugua mara kwa mara, na shuleni hupata taabu kuelewa. Akiwa ni msichana, taabu haiishii kwake. Huenda akakua akiwa mfupi, na nyonga zake zikawa nyembamba. Siku ya kujifungua atapata shida, na mtoto wake huenda akazaliwa mdogo. Basi mzunguko unaanza upya.

Mzunguko huu unaweza kukatwa. Wakati mzuri wa kuukata ni siku 1,000 za kwanza. Hesabu yake ni rahisi. Siku za mimba ni kama 270. Miaka miwili ya kwanza ya mtoto ni siku 730. Jumla ni siku 1,000. Baada ya hapo ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Kwa hiyo mtoto haanzi kukua siku anayozaliwa. Anaanza tumboni. Ndiyo sababu mizani ya kwanza ya mtoto ni uzito wa mama yake.

KILO ZA MAMA ZINAKWENDA WAPI?

Mama mja mzito mwenye mwili wa kawaida anatakiwa aongezeke kilo 11 hadi 16 mpaka siku ya kujifungua. Mama aliyekuwa mwembamba sana kabla ya mimba anatakiwa aongezeke zaidi, kilo 12 hadi 18. Mama mnene anatakiwa aongezeke kidogo, kilo 7 hadi 11. Mama aliyenenepa kupita kiasi aongezeke chini ya hapo. Nesi atamweleza kila mama kiasi kinachomfaa.

Wengine watauliza, "Mtoto ana kilo tatu tu. Hizo nyingine ni za nini?" Swali hili ni zuri. Tuzihesabu.

Mtoto mwenyewe huwa na kilo 3 au 3 na nusu. Kondo la nyuma na maji ya chupa ya uzazi huwa na kilo moja na nusu hivi. Mji wa mimba hupanuka na kuongezeka karibu kilo moja. Matiti huongezeka nusu kilo. Damu ya mama huongezeka kilo moja na nusu, na maji mengine ya mwilini kiasi hichohicho. Kilo kama tatu zinazobaki ni mafuta ya akiba. Akiba hiyo ndiyo itakayomsaidia mama kutengeneza maziwa. Hakuna kilo hata moja iliyo ya bure.

Kilo hizo haziji kwa siku moja. Katika miezi mitatu ya kwanza mama huongezeka kilo moja au mbili tu, kwa sababu ya kichefuchefu. Wengine hawaongezeki kabisa. Kuanzia mwezi wa nne aongezeke kilo moja na nusu hadi mbili kila mwezi. Mama akipimwa mwezi huu na mwezi ujao, na mizani ikabaki palepale, hiyo ni taarifa. Asingoje mwezi wa tatu.

JEMBE LINAKULA KWANZA

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa milimani. Ana mimba ya miezi sita. Ni mwezi wa Machi, wakati wa kutengeneza ngoro kwa ajili ya maharage. Ngoro ni kilimo cha fahari cha Wamatengo. Mashimo yake huzuia udongo usichukuliwe na maji ya mvua milimani. Kwa desturi, mwanamume hukata majani na kuyapanga kwa miraba. Kisha mwanamke hushika jembe, akachimba udongo na kuyafunika majani hayo.

Mama huyu anaamka alfajiri. Anapanda mlima na jembe begani. Anachimba mpaka saa saba. Anarudi na kuni kichwani. Anachota maji, anatwanga, anapika. Jioni anakula ugali na mboga kidogo, baada ya baba na watoto kula. Akienda kliniki, nesi anamwuliza:

"Mama, mwezi uliopita ulikuwa kilo 54. Leo ni kilo 54 vilevile. Unakula?"

"Ninakula, nesi. Chakula kipo."

Mama hasemi uongo. Anakula. Lakini chakula anachokula kinaliwa na jembe kwanza. Mtoto aliye tumboni anapata masazo.

Jambo hili limechunguzwa katika nchi ya Gambia, Afrika Magharibi. Huko nako kina mama hulima sana wakati wa mvua, na wakati huohuo chakula hupungua. Watoto wanaozaliwa katika miezi hiyo huwa wadogo kuliko wanaozaliwa baada ya mavuno. Wataalamu walichagua vijiji 28. Waliwapa waja wazito biskuti zilizotengenezwa kwa karanga, unga wa mchele, sukari na mafuta ya karanga. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Watoto waliozaliwa wakati wa njaa walikuwa wazito zaidi kwa gramu 200 hivi. Waliozaliwa wafu, na waliokufa katika siku za kwanza, walipungua sana.

Gramu 200 ni kitu kidogo sokoni. Lakini mtoto anayezaliwa na kilo 2 na gramu 400 amezaliwa mdogo. Mpe gramu 200 na atakuwa na kilo 2 na gramu 600. Amevuka mstari wa hatari, ambao ni kilo 2 na nusu.

Karanga si kitu kigeni kwetu. Wala maharage, wala usipa.

HOFU YA MTOTO MKUBWA

Wako kina mama wanaojinyima makusudi. Wameambiwa, "Usile sana, mtoto atakuwa mkubwa, utashindwa kumzaa." Sehemu nyingine mja mzito hukatazwa kula mayai. Huambiwa kwamba mtoto atazaliwa bila nywele.

Yai halimnyonyoi mtu nywele. Na hofu ya mtoto mkubwa tuitazame kwa makini, maana haikuzuka bure. Kuzaa kwa shida kumeua kina mama wengi. Lakini dawa yake si kujinyima. Kule Gambia vichwa vya watoto viliongezeka milimita 3 tu kwa sababu ya chakula kile. Hiyo ni karibu unene wa mbegu ya hindi. Mama anayejinyima hapunguzi shida ya kuzaa. Anapunguza damu yake na nguvu zake. Anazaa mtoto dhaifu naye mwenyewe akiwa dhaifu.

Dawa ya kuzaa kwa shida ni kuhudhuria kliniki mapema, na kujifungulia mahali penye wataalamu. Mama mfupi, asiyefika sentimita 150, aambiwe mapema mahali atakapojifungulia. Dawa nyingine inachukua muda mrefu, lakini ni kubwa zaidi. Ni kuwalisha vizuri watoto wa kike tangu wakiwa wadogo, ili nyonga zao zikue.

Hapa kuna onyo. Mama akiongezeka uzito ghafla, uso na mikono ikavimba, kichwa kikauma sana au macho yakaona ukungu, huko si kunenepa. Huenda ni dalili ya kifafa cha mimba. Apelekwe kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo.

MAMA ALE NINI?

Zamani tulifundishwa makundi matatu: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Siku hizi wataalamu wameyagawa zaidi, lakini maana ni ileile. Ugali peke yake haujengi mtu.

Mja mzito ale milo yake ya kila siku, na aongeze mlo mmoja mdogo. Anayenyonyesha aongeze miwili. Mlo huo unaweza kuwa viazi vitamu na maharage. Unaweza kuwa uji mzito wenye karanga zilizosagwa. Unaweza kuwa mihogo na usipa. Mboga za majani zisikosekane: kisamvu, matembele, majani ya maboga. Aongeze tunda, kama papai, parachichi, embe au ndizi mbivu. Yai likipatikana, ale yeye kabla ya kuuza. Chumvi iwe ile yenye madini joto.

Usipa ni hazina ya wilaya za Nyasa na Mbinga. Samaki huyu huliwa mzima, pamoja na mifupa yake. Hujenga misuli, mifupa na damu. Watu wa ziwani wana usipa lakini hutegemea sana mihogo. Watu wa milimani wana maharage. Basi usipa wapande mlima na maharage yateremke ziwani. Biashara hiyo iingie pia katika sufuria za nyumbani, si mijini peke yake.

Mama ameze kila siku vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Alale ndani ya chandarua, hasa kule ziwani kwenye mbu wengi. Malaria hula damu ya mama na kumdumaza mtoto tumboni. Pombe aiache kabisa. Kahawa ni mali ya Mbinga, lakini mja mzito asiinywe pamoja na chakula. Kahawa na chai huzuia mwili usipate madini ya damu yaliyomo katika chakula. Na asinywe vikombe vingi kwa siku.

SOMA KADI YA MWANAO

Wewe uliyejifunza kusoma, unayo kazi moja kubwa. Leo chukua kadi ya kliniki ya mwanao. Isome.

Utaona mistari iliyopinda kwenda juu. Hiyo ni njia ya afya. Chini kuna miezi ya umri. Pembeni kuna kilo. Kila mtoto anapopimwa, nesi huweka nukta. Nukta zikiunganishwa zinakuwa mstari wa mwanao. Kadi nyingi zina rangi pia. Kijani ni salama. Nyekundu ni hatari.

Lakini usiangalie rangi tu. Angalia mstari unakwenda wapi. Ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, mtoto ameacha kukua. Ukishuka, mtoto anapungua, na hapo usingoje.

Tuseme mtoto ana miezi 6 na uzito wa kilo 7 na gramu 200. Mwezi wa 7 ni kilo 7 na gramu 200. Mwezi wa 8 na wa 9, vilevile. Bado yumo katika kijani. Mama anafurahi na kurudi nyumbani. Lakini mstari umelala miezi mitatu! Mtoto huyu anaita msaada, na anayeweza kumsikia ni yule anayejua kusoma.

Kumbuka hesabu hii. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 atafika kilo 6 akiwa na miezi mitano hivi. Akitimiza mwaka atakuwa na kilo 9 hivi. Mwambie nesi ampime urefu pia, maana kudumaa huonekana katika urefu.

TATIZO LA UJI MWEPESI

Mistari mingi huanza kulala baada ya miezi sita. Kabla ya hapo mtoto anatosheka na maziwa ya mama tu, bila hata maji. Anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Yale maziwa ya kwanza ya njano yasimwagwe. Ni kinga yake ya kwanza.

Akitimiza miezi sita anahitaji chakula cha ziada. Hapo ndipo anapopewa uji mwepesi wa mahindi, asubuhi na jioni. Tumbo lake ni dogo kama kikombe. Likijaa maji, chakula kitaingia wapi?

Uji uwe mzito, usidondoke upesi kijiko kinapoinamishwa. Utiwe karanga zilizosagwa, au maharage yaliyopondwa, au unga wa usipa. Utiwe mafuta kidogo. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 alishwe mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi 9 alishwe mara tatu au nne. Katikati apewe tunda lililopondwa. Aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Uji ukiwa mzito mno kwa mtoto mdogo, iko njia. Ni kimea cha ulezi. Ulezi hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Kijiko cha unga huo kikitiwa katika uji mzito ulio moto, uji hulainika bila kuongezwa maji. Uchemshwe tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilieneza ujuzi huu tangu miaka ya 1980.

Tusisahau usafi. Kuharisha na minyoo hunyang'anya mtoto chakula alichokwisha kula. Choo kitumike, mikono inawe kwa sabuni, maji yachemshwe.

IRINGA WALIPIMA NA KUJADILI

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana. Baadaye mkoa wa Iringa ukaonyesha njia. Kazi ilianza mwaka 1983 katika vijiji 168, kwa msaada wa UNICEF, Shirika la Afya Duniani na serikali ya Italia. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa kijijini. Matokeo hayakufungiwa kabatini. Yalipelekwa kwenye kamati ya kijiji. Watu waliulizana: mtoto wa fulani amepungua, kwa nini? Mama yake ana kazi nyingi? Hakuna wa kumlisha mchana? Kisha walitenda.

Mwaka 1984 watoto wenye uzito mdogo walikuwa 56 katika kila 100. Mwaka 1988 walikuwa 38. Wale waliokuwa katika hali mbaya kabisa walipungua kutoka 6 hadi 2.

Lakini somo lina upande wa pili. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa ndio mkoa uliokuwa na watoto wengi zaidi waliodumaa, karibu 57 katika kila 100. Na Iringa nayo ina chakula kingi. Basi kupima ni kama kupalilia. Hakuna mkulima aliyepalilia mara moja akasema magugu yamekwisha.

BABA, NENO LAKO

Yote haya yanarudi nyumbani. Mazao yanapouzwa, mara nyingi ni baba anayeamua. Kabla gunia la mwisho la maharage halijapakiwa, tenga debe la mama na mtoto. Kabla usipa wote hawajauzwa, tenga kopo. Mke akiwa na mimba, shika jembe la ngoro wewe na vijana. Msindikize kliniki. Usione haya kubeba maji. Mtoto atakayezaliwa ni wako.

Na siku ya afya na lishe kijijini, ambayo hufanyika kila baada ya miezi mitatu, mtoto apelekwe. Ghala lililojaa linapendeza. Lakini anayejua kama nyumba yako imeshiba kweli ni mizani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, ni kazi gani zinazomchosha zaidi mja mzito? Nani anaweza kumsaidia?
2. Ni vyakula gani mja mzito au mtoto hukatazwa kula? Je, sababu zake ni za kweli?
3. Mtazame mtoto mmoja nyumbani kwako. Je, mstari wa kadi yake unapanda, umelala au unashuka?
4. Baada ya mavuno yaliyopita, chakula gani kiliuzwa chote? Mtabakiza kiasi gani mwaka huu?